Nani Atavusha Mchele? Mafia na Hadithi za Ingekuwaje

Kuna aina ya hadithi inayopendwa sana na vijana wa rika langu, hasa tuliokua tukichezea ramani na kutazama filamu za vita. Huitwa historia mbadala. Mwandishi huchukua tukio moja la kweli, akaligeuza, kisha akafuata matokeo yake mwaka baada ya mwaka: Hitler ameshinda vita, Dola ya Rumi haikuanguka, na kadhalika. Tawi lake moja lina wapenzi wengi kuliko mengine. Katika tawi hilo Vita Baridi havikuisha kwa mazungumzo. Mabomu ya nyuklia yamerushwa, Moscow na Washington zimeteketea, na koloni dogo au wilaya ya mbali, aghalabu kisiwa, inaamka asubuhi na kujikuta haina mtawala. Kisiwa kinasubiri amri kutoka makao makuu na amri haiji. Kinaunda baraza, kinachora bendera, kinatangaza uhuru.

Nimesoma hadithi za namna hii nyingi kuliko ningependa msimamizi wa tasnifu yangu ajue. Nazipenda kwa sababu zinamzoesha msomaji kuamini kwamba mambo yangeweza kuwa vingine, na kwa kijana wa Kitanzania hilo si jambo dogo. Sisi tumefundishwa historia kama orodha ya tarehe za kukariri kwa ajili ya mtihani, kana kwamba kila kilichotokea kilikuwa lazima kitokee.

Hata hivyo nina ugomvi nazo, na ugomvi huo nauleta kutoka Mafia, kisiwa cha upande wa mama yangu. Kwa maoni yangu, hadithi hizi zinachanganya uhuru na upweke. Zinadhani kwamba kisiwa kinakuwa huru pale kamba zote zinapokatika. Mtu aliyewahi kukaa Kilindoni siku nne akisubiri bahari itulie ili chombo kiweze kuja anajua kwamba kamba zikikatika kinachofuata ni kitu kingine kabisa.

Kwa nini Mafia inamfaa sana mwandishi wa historia mbadala? Kwa sababu historia yake halisi imejaa njia panda, na karibu zote ziliamuliwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga mchanga wake. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika. Ujerumani ilipata Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Uingereza ikapata njia ya kuifanya Zanzibar nchi lindwa. Pwani ya bara iliyokuwa ya Sultani, pamoja na kisiwa cha Mafia, ilikwenda kwa Wajerumani, na Sultani akalipwa fidia ya marki milioni 4. Hadi hapo Mafia ilikuwa chini ya Sultani mmoja na Unguja na Pemba. Wino ulipokauka, ikawa upande wa pili wa mpaka.

Hebu ligeuze tukio hilo moja tu. Tuseme mjumbe wa Uingereza ameng'ang'ania, na Mafia imebaki na dada zake. Basi kisiwa kingepata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 badala ya 9 Desemba 1961. Kingepitia Mapinduzi ya Januari 1964. Leo kingekuwa na wawakilishi katika Baraza la Wawakilishi Zanzibar, na mkazi wake angeitwa Mzanzibari. Mwandishi hahitaji bomu hata moja. Sentensi moja ya mkataba inatosha kubadilisha utambulisho wa watu wote wa kisiwa, ambao sensa ya 2022 iliwahesabu kuwa zaidi ya 66,000.

Njia panda ya pili ilikuja na vita. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia ili wapate mahali pa kuiwindia. Ndege zilirushwa kutoka kisiwani kwenda kuitafuta na kuelekeza mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia mtoni. Kwa hiyo Mafia ni miongoni mwa sehemu za kwanza za Afrika Mashariki kuona ndege ya kivita ikiruka, na ilikuwa vita ambayo hakuna mwenyeji aliyeulizwa.

Kipindi hicho kimeacha kitu ambacho mwandishi wa historia mbadala angetamani kukibuni, ila kipo tayari: stempu. Waingereza walizichukua stempu za Wajerumani wakazigonga chapa ya herufi za mfalme wao na neno MAFIA. Wakusanyaji wa stempu duniani wanazitafuta hadi leo. Ukizitazama bila kujua historia yake, utaapa kwamba palikuwa na nchi inayoitwa Mafia, yenye posta yake na mfalme wake. Nchi hiyo haikuwapo. Palikuwa na jeshi la kigeni lililohitaji kutuma barua. Mwaka 1922 kisiwa kikaingizwa Tanganyika, na stempu zikabaki kwenye albamu za watu wa mbali.

Hapa ndipo pa kuanzia uhakiki. Stempu, bendera na ramani ndiyo chakula kikuu cha hadithi hizi. Msomaji hupewa rangi za bendera kabla hajaambiwa watu wanakula nini. Hujua jina la rais wa kwanza lakini hajui kisima kiko wapi. Na hadithi ikishatoa bendera huona imemaliza kazi, kwa sababu ndani yake uhuru ni tangazo. Anayetangaza ni yule aliyebaki hai.

Nimejaribu kuipima hadithi hiyo kwa mzigo unaoshuka gatini Kilindoni. Mafia ina mihogo, nazi, mpunga wake kiasi, na bahari yenye samaki na pweza. Lakini mchele mwingi, unga, sukari, saruji, mabati, vidonge vya malaria na vitabu vya shule vinavuka maji. Umeme wake kwa miaka mingi umetegemea jenereta za dizeli. Mgonjwa aliyeshindikana anavushwa kwenda bara. Mwanafunzi anayetaka chuo kikuu anavuka pia, kama nilivyovuka mimi. Kutoka Nyamisati, kando ya delta ya Rufiji, kivuko cha MV Kilindoni na boti nyingine ndivyo vinavyoshona kisiwa na nchi. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, nyuzi hizo zililegea kwa siku chache tu, na siku hizo chache zilitosha kuwafanya watu waanze kuhesabu magunia.

Nilimsimulia mjomba wangu mmoja, ambaye amekuwa nahodha zaidi ya nusu ya maisha yake, hadithi ya kisiwa kinachopata uhuru baada ya mabomu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akauliza: "Hiyo serikali yenu mpya, mjomba, itanunua dizeli kwa nani?" Sikuwa na jibu, na hadithi nilizosoma hazikuwa nalo pia. Nikamwambia labda watu watarudi kwenye tanga. Akasema tanga ni sawa, ila kitambaa cha tanga nacho kinatoka dukani, na siku hizi mafundi wanaojua kuunda jahazi kubwa ni wa kuhesabu.

Maswali yake yana uzito kuliko yanavyosikika. Mwaka 2022 jarida la Nature Food lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba vita kamili vya nyuklia kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua zaidi ya watu bilioni 5 kwa njaa. Watu hao hawafi kwa moto. Masizi ya miji inayoungua hupanda juu angani na kuzuia jua, mazao hupungua dunia nzima, samaki nao hupungua, na biashara ya chakula husimama. Kwa maneno ya Mafia: mihogo inadumaa, mnazi unazaa kidogo, na ile boti ya mchele haina mchele wa kubeba. Kisiwa ambacho hakikupigwa bomu hakijaepuka vita. Kimewekwa mwisho wa foleni tu.

Riwaya iliyolielewa hili mapema ni On the Beach ya Nevil Shute, iliyotoka 1957. Humo vita vinapiganwa kaskazini mwa dunia, na watu wa Melbourne, ambao hawakurusha wala kupigwa bomu, wanaisubiri sumu iteremke kusini mwezi hadi mwezi. Hakuna anayechora bendera. Watu wanapanda bustani ambazo hawataziona zikichanua. Riwaya hiyo ina mapungufu yake: wahusika wake wanakufa kwa utulivu wa ajabu, kana kwamba mauti ni adabu. Lakini haimdanganyi msomaji kwamba umbali ni kinga.

Na sisi je? Mara nyingi husemwa kwamba fasihi ya Kiswahili haina mila ya kubuni dunia ambazo hazipo. Mwenye kusema hivyo hajasoma vizuri. Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, alichapisha Mzingile mwaka 1991. Ni riwaya fupi, ngumu, yenye kupinda kama jina lake, na dunia yake inafikia maangamizi ambayo wahakiki wameyasoma kuwa ya nyuklia. Kinachonivutia ni yale ambayo mwana-kisiwa huyu hakuyaandika. Hakuandika kisiwa kilichosalimika kikajitawala. Hakuna baraza wala katiba ya dharura. Swali linalobaki baada ya moto ni kama binadamu anaweza kuanza upya bila kubeba mzigo uleule wa fikra uliomfikisha motoni. Ukiisoma baada ya kusoma hadithi kumi za bendera, unaona jinsi hadithi hizo zinavyoogopa swali hili. Ndani yake dunia inaungua, lakini dola, mpaka, jeshi na rais vinarudi asubuhi yake kama vilivyokuwa, ila vimepungua ukubwa.

Nyuma ya Kezilahabi yupo Shaaban Robert na Kusadikika yake ya 1951, nchi inayoning'inia angani. Wengi tuliisoma shuleni kama fumbo juu ya utawala dhalimu, na ni kweli. Lakini naomba isomwe pia kama riwaya ya kisiwa. Kusadikika haijapakana na mtu. Wajumbe wake wanatumwa pande sita, wanasafiri kwa taabu, wanarudi na maarifa ya nchi nyingine, na malipo yao ni jela. Karama, anaposimama mbele ya baraza kujitetea, anawataja mmoja mmoja. Shaaban Robert anaonyesha kwamba nchi iliyojitenga na hewa ya wengine haiwi huru kwa kujitenga huko. Inakuwa mali ya wale waliokalia mlango. Katika kisiwa kilichopoteza mawasiliano na dunia, mlango ni gati. Aliyeshika gati na ghala la mwisho la dizeli ndiye serikali, hata kama bendera ni nzuri namna gani.

Jambo hili Mafia inalijua bila kusoma riwaya. Kwenye kisiwa cha Juani yapo magofu ya Kua, mji wa mawe uliokuwa na misikiti na jumba la watawala. Ng'ambo, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu, ulikuwapo mji wa Kisimani, ambao sehemu yake kubwa bahari imeila. Simulizi moja ya zamani inasema watu wa Kisimani waliunda chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kukishusha, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu yao kwenda majini. Watu wa Kua walinyamaza miaka. Halafu wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawakaribisha kwenye chumba cha chini ya nyumba, na mlango ukajengewa kwa mawe. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuja wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska, wakaipiga Kua na kuchukua mateka. Mji ukabaki kwa mibuyu.

Sijui hadithi ya mwisho wa dunia iliyo kali kuliko hiyo. Ndani yake hakuna mtawala wa mbali wa kulaumiwa. Miji miwili jirani, inayojitawala, yenye bahari moja na lugha moja, inatumia sherehe kuuana. Na adui wa nje anapofika, hakuna jirani aliyebaki wa kuitwa. Mwandishi wa Mafia anayetaka kuandika kisiwa baada ya vita vya nyuklia ana mwongozo hapo: baada ya makao makuu kunyamaza, hatari ya kwanza ni mwaliko wa jirani ambaye mna deni naye.

Nitaambiwa kwamba nadai ukweli mwingi mno kutoka hadithi za burudani. Basi tutazame kisiwa cha kweli kilichopata uhuru baada ya moto wa nyuklia. Visiwa vya Marshall, katika Bahari ya Pasifiki, vilikuwa chini ya Marekani. Mwaka 1946 watu 167 wa Bikini waliombwa wahame kwa faida ya binadamu wote, wakapelekwa Rongerik, kisiwa kisicho na chakula cha kuwatosha, wakakumbwa na njaa. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 katika visiwa hivyo. Bomu la tarehe 1 Machi 1954 lilikuwa na nguvu mara 1,000 hivi ya lile la Hiroshima, na majivu yake yaliwaangukia watu wa Rongelap. Mwaka 1986 visiwa hivyo vikawa nchi. Vina bendera nzuri kweli. Lakini fedha yao ni dola ya Marekani, ulinzi wao uko mikononi mwa Marekani, na kwenye kisiwa chao cha Kwajalein jeshi la Marekani linaendelea kujaribia makombora. Sisemi uhuru huo ni bure. Watu wake ndio waliothubutu mwaka 2014 kuzishtaki dola za nyuklia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na kesi ilipotupwa mwaka 2016 dunia ilikuwa imeshawasikia. Ninachosema ni kwamba uhuru wao wanauishi kila siku kwa kubishana juu ya fidia, hospitali na udongo, na ubishi huo haumo katika hadithi za bendera.

Wala si lazima twende Pasifiki. Katika bahari yetu hii hii kuna Diego Garcia. Uingereza iliyatenga Makisiwa ya Chagos kutoka Morisi mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya Morisi kupata uhuru, na kati ya 1968 na 1973 wenyeji wakaondolewa ili kituo cha kijeshi cha Marekani kipate nafasi. Mwaka 2025 ndege zenye uwezo wa kubeba mabomu ya nyuklia zilikuwa zimepangwa kwenye uwanja wake. Afrika ilitia saini Mkataba wa Pelindaba mjini Cairo mwaka 1996 kulifanya bara na visiwa vyake kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Kwa hiyo swali la kisiwa na nyuklia linatuhusu sisi wa bahari hii moja kwa moja. Lakini Wachagosi hawakuhitaji vita ili kisiwa chao kibaki bila watu. Karatasi ilitosha, kama ilivyotosha kwa Mafia mwaka 1890, ijapokuwa sisi tulibahatika kubaki na nyumba zetu.

Kuna msomaji atakayeona mada yenyewe ni ya hatari. Katika nchi yetu, swali la kisiwa fulani kingekuwaje bila muungano fulani si la burudani tupu. Nalielewa jambo hilo, na ndiyo sababu nataka maswali haya yaulizwe na wenyewe. Tusipouliza sisi ingekuwaje, atauliza mtu mwenye ramani na kalamu za rangi, na katika hadithi yake Mafia itakuwa doa la kijani lenye jina la kuchekesha.

Mwanaanthropolojia Pat Caplan alifika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, akarudi tena na tena. Kitabu chake cha 1997 kinajengwa sana na maneno ya mkulima mmoja wa kijiji, pamoja na shajara aliyoandika: nani kaumwa, nani kaolewa, shamba limetoa nini, pepo gani kapanda kichwani kwa nani. Ningempa kitabu hicho kila anayetaka kuandika historia mbadala ya kisiwa. Mkulima huyo, bila kukusudia, ametuandikia kila kitu ambacho vita vya nyuklia vingekigusa.

Mimi mwenyewe ningependa kuisoma riwaya hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili. Ianze miezi mitatu baada ya boti ya mwisho. Kaskazi imevuma lakini jua ni hafifu, na papa potwe hawakuonekana Kilindoni msimu wao ulipofika. Watu wa Jibondo, wanaosifika kwa kuunda vyombo, wamekuwa watu muhimu kuliko mkuu wa wilaya. Kuna kikao msikitini kuhusu mbegu za mpunga: zipandwe au ziliwe? Kuna kijana anayetaka kutangaza jamhuri, ana bendera yake mkononi, na hakuna anayempinga, ila hakuna pia mwenye nafasi ya kumsikiliza, maana jahazi moja limeonekana likitoka upande wa Rufiji na watu wote wameshuka pwani. Hawajui limebeba mchele, wakimbizi au bunduki. Kurasa mia mbili zinazofuata ziseme namna walivyolipokea.